Nimwongeze mdogo wangu kwenye kadi yangu ya mkopo?

Swali: Naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto wawili. Mwezi wa tatu mdogo wangu wa kiume, ana miaka 24, aliingia kutoka Tanga kwa grini kadi. Kazi amepata, yuko kwenye ghala, ila hana krediti, yaani rekodi ya kukopa na kulipa. Ofisi ya nyumba imemkataa, na muuza magari kamwambia alete mdhamini. Rafiki yangu wa kazini anasema nimwongeze kwenye kadi yangu, alama zake za krediti zitapanda haraka. Nina kadi mbili. Kubwa ina kikomo cha dola 6,000 na nadaiwa kama 4,100, maana tiketi yake na gharama zote za safari nililipia hapo. Sijawahi kuchelewesha malipo. Ya pili niliifungua 2014, kikomo chake dola 2,500, naitumia kuwekea gari mafuta tu, kama dola 90 kwa mwezi. Mume wangu hataki kusikia: anasema mdogo wangu akiharibu, nyumba tunayotaka kununua mwakani tuisahau. Halafu mama yuko Tanga, ana presha, nimefikiria nimpe naye kadi awe analipia hospitali. Nishauri.

Jibu: Dada, salamu kwako na kwa shemeji, na mama tunamwombea afya. Naanza na jibu, maelezo yafuate. Mdogo wako mwongeze, ila kwenye ile kadi ya mafuta. Ile kubwa usimwingize kabisa. Kadi yenye jina lake ikifika, iweke kabatini, asiitumie. Gari usimdhamini kwa sasa. Mama usimpe kadi.

Najua utauliza: kumwandikisha mtu kwenye kadi asiyoishika kuna faida gani? Hapa kuna vitu viwili vinavyochanganywa, na ugomvi mwingi wa ndugu niliousikiliza katika kazi hii ulianzia hapo. Kuna jina kwenye akaunti, na kuna kadi mkononi. Benki ikimwandikisha mdogo wako kuwa mtumiaji aliyeidhinishwa, yaani mtumiaji wa ziada, kwa kawaida akaunti yako inaanza kuonekana kwenye faili lake kwa wale watatu wanaotunza taarifa za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion. Itaonekana imefunguliwa lini, kikomo chake, deni lililopo, na kila mwezi ililipwa kwa wakati au la. Hayo yanaingia kwake hata kama hajawahi kuiona kadi yenyewe. Kumkabidhi kadi ni uamuzi mwingine: hapo unamruhusu kukopa kwa jina lako. Anachohitaji mdogo wako ni jina. Kadi mkononi haimwongezei alama hata moja.

Utaratibu huu umetoka mbali, na napenda kuueleza kwa sababu mlango huu walifunguliwa wanawake. Kabla ya 1974, mwanamke aliyeolewa Marekani aliweza kunyimwa kadi mpaka mume wake asaini. Hata akiitumia kadi ya mume na kuilipa kwa jasho lake mwenyewe, rekodi ilibaki kwa jina la mume. Akifiwa au akiachika, alisimama mbele ya benki kama mtu ambaye hajawahi kukopa maishani. Sheria ya Equal Credit Opportunity Act ya 1974 na kanuni zake zikataka akaunti inayotumiwa na mume na mke iripotiwe kwa majina ya wote wawili. Benki nyingi hazikujihangaisha kutenganisha mke na mtoto au mke na ndugu. Kila mtumiaji wa ziada akaripotiwa.

Miaka ikapita, wakazuka watu wa kuuza nafasi: mtu mwenye kadi safi analipwa amwandikishe mgeni asiyemjua, mgeni apate alama. Mwaka 2007 kampuni inayotengeneza alama za FICO, zile namba ambazo wakopeshaji hupimia mkopaji, ikatangaza kwamba toleo lake jipya halitahesabu tena akaunti za watumiaji wa ziada. Mwaka 2008 ikarudi nyuma, kwa sababu sheria ile ya 1974 bado ipo na kuna wake na waume ambao wangeumia. Badala yake ikasema itatafuta namna ya kupunguza nguvu ya nafasi za kununua huku ikiwaachia watu wa familia faida yao. Kwa hiyo ukiona kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu tangazo la "tunakuongezea alama kwa dola mia kadhaa", lipite. Na anayekuuzia namba ya tarakimu tisa ya kutumia badala ya ile ya Social Security, namba ya utambulisho inayotolewa na serikali, anakuingiza kwenye kosa la jinai, hata akiiita kwa jina zuri namna gani.

Sasa tuje kwenye kadi zako, maana hapa ndipo rafiki yako wa kazini alipokuelekeza nusu. Alisema "kadi yako", hakuuliza ipi.

Alama za FICO zinaanzia 300 hadi 850. Kipande kikubwa, asilimia 35, ni historia ya kulipa kwa wakati. Kinachofuata, asilimia 30, ni kiasi unachodaiwa, na kwa kadi kinachotazamwa sana ni deni likilinganishwa na kikomo. Asilimia 15 ni umri wa akaunti. Zinazobaki ni mikopo mipya na mchanganyiko wa aina za mikopo, 10 na 10. Chukua kikokotoo cha simu ufanye hesabu hii: 4,100 gawa kwa 6,000. Unapata asilimia 68. Mtu anayesoma faili hilo haoni dada aliyemlipia mdogo wake tiketi. Anaona kadi iliyojaa zaidi ya theluthi mbili. Ukimwongeza mdogo wako hapo, mzigo huo unaingia kwenye faili ambalo halina kitu kingine cha kuupunguza. Ungekuwa umemfungulia faili kwa deni lako.

Kadi ya mafuta ni kitu kingine. Dola 90 kwa 2,500 hazifiki asilimia 4. Imefunguliwa 2014, na kama unavyosema hujawahi kuchelewesha. Hiyo ndiyo hazina, ingawa wengi huidharau kwa sababu kikomo chake ni kidogo. Kwa kijana ambaye faili lake ni jeupe, akaunti ya miaka mingi iliyolipwa kila mwezi inamfaa kuliko kikomo kikubwa kilichojaa.

Na itamfaa haraka. Ili FICO itoe alama, inataka faili liwe na akaunti angalau moja yenye miezi sita au zaidi, na angalau moja iliyoripotiwa ndani ya miezi sita iliyopita. Akaunti ya 2014 inatimiza yote mawili siku inapotua kwenye faili lake. Ndiyo maana unasikia watu wakisema fulani alipata alama baada ya mwezi mmoja au miwili tangu aongezwe. Ni kweli, inatokea. Kuongezwa hakumletei uchunguzi ule wa kuomba mkopo unaopunguza alama, kwa sababu yeye haombi mkopo wowote.

Shemeji nampa haki yake, lakini si kwa sababu aliyoisema. Anaogopa mdogo wako akiharibu mtaharibikiwa. Ukweli wa jambo uko hivi. Mambo yake mwenyewe, bili ya simu aliyoiacha, kadi yake nyingine siku zijazo, deni la hospitali, hayaji kwenye faili lako. Mafaili yenu hayaunganishwi. Njia pekee anayoweza kukuumiza ni kutumia kadi yako, na hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu deni lote ni lako wewe uliyesaini na benki. Mtumiaji wa ziada hadaiwi na benki. Akinunua televisheni ya dola 1,200, bili ni yako, na huwezi kupiga simu kusema umeibiwa. Sheria inakulinda dhidi ya mwizi, kikomo cha hasara yako kikiwa dola 50, lakini mtu uliyemwandikisha kwa hiari yako haitwi mwizi, hata kama alipitiliza mlichokubaliana nyumbani. Ndiyo maana nikasema kadi iwekwe kabatini. Asiyeishika kadi wala kujua namba zake hawezi kununua kitu.

Lakini nyumba ya mwakani, dada, inatishiwa na kitu kingine, na hiki naomba mkae nacho wewe na shemeji. Ni ile asilimia 68. Mkiomba mkopo wa nyumba na kadi iko hivyo, alama zako zitakuwa chini ya zinavyostahili kuwa kwa mtu ambaye hajawahi kuchelewesha hata mara moja, na alama zikishuka riba ya nyumba inapanda kwa miaka 30. Habari njema ni kwamba matoleo mengi ya FICO yanatazama salio la sasa. Ukilishusha, mwezi unaofuata alama zinajirekebisha; hakuna adhabu ya kukaa miaka. Kufika chini ya asilimia 30 maana yake ni salio lisizidi 1,800, yaani ushushe 2,300. Ukiacha kuitumia kadi hiyo na kulipa dola 400 kila mwezi, ukiweka na riba inayoendelea kukatwa, ni kama miezi saba. Chini ya asilimia 10, yaani dola 600, ni bora zaidi. Mdogo wako sasa ana mshahara. Tiketi ile ilikuwa yake; kumwomba achangie dola 100 kwa mwezi si ukatili, ni kumfundisha namna deni la nchi hii linavyolipwa.

Sasa simu yenyewe. Unaweza kumwongeza kupitia programu ya benki kwenye simu, dakika tano umemaliza, lakini mimi nashauri uongee na mtu kwanza. Muulize kama wanawaripoti watumiaji wa ziada kwa mashirika yote matatu. Wengi wanafanya, wachache hawafanyi au wanafanya kwa shirika moja tu, na ukimwandikisha kwa asiyeripoti umepoteza muda. Uliza kama kuna ada. Kadi za kawaida kama zako mara nyingi hazina, zile za hadhi zenye vyumba vya kupumzikia uwanja wa ndege hutoza. Uliza kama unaweza kumwekea kikomo chake. American Express wanaruhusu, na wapo wengine, lakini benki nyingi humwachia mtumiaji wa ziada kikomo chote. Na waambie kadi itumwe kwa anwani yako.

Halafu jina. Hapa naomba ukae na mdogo wako bega kwa bega, kadi yake ya Social Security iwe mezani, ile tunayoiita soshali. Sisi tuna majina matatu, la mtu, la baba, la babu, na kila fomu ya Marekani inayakata inavyotaka. Kwenye pasipoti jina la babu ndilo la ukoo. Kazini wameandika la baba. Kwenye kandarasi ya simu kuna mawili tu. Nimeona faili la kijana likigawanyika mara mbili kwa sababu ya Mohamed yenye m moja na Mohammed yenye mbili. Liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye soshali. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni mtego. Tanga tunaandika siku kwanza, hapa wanaandika mwezi kwanza. Aliyezaliwa tarehe 7 Novemba akiandika 07/11, mfumo unasoma Julai 11, na hakuna mtu atakayempigia kumwuliza. Akaunti itaelea bila kumpata mwenyewe, nanyi mtakaa miezi mitatu mkisubiri alama zisizokuja. Ndugu zetu wengi waliotoka makambini, Wakongo na Warundi hasa, wamepewa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa kwenye hati zao. Kwao jina likikaribiana na la mwingine, hatari ya mafaili kuchanganyika ni kubwa zaidi, kwa hiyo nafasi ya namba ya soshali ijazwe hata pale benki inaposema si lazima.

Baada ya siku 45 au 60, mdogo wako aingie annualcreditreport.com, avute ripoti zake zote tatu. Ni bure, na tangu 2023 imethibitishwa kwamba kila mtu anaweza kuzivuta kila wiki bila malipo. Aitafute akaunti yako na asome tarehe ya kufunguliwa, kikomo na salio. Ikiwa haipo, rudi kwenye jina na tarehe kabla hujailaumu benki.

Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Alama zitokazo kwenye akaunti ya mtu mwingine zina mwisho wake. Kwenye ripoti imeandikwa wazi kwamba huyu ni mtumiaji wa ziada, na mkopeshaji makini anaiona. Wakopeshaji wa nyumba wanaofuata taratibu za Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, hata wanatakiwa waangalie kama akaunti ya namna hiyo inaeleza kweli tabia ya mwombaji. Jina lako ni fimbo ya kumsaidia asimame, na miguu lazima iwe yake. Kwa hiyo mwezi huohuo mnaomwongeza, afungue kadi ya dhamana kwa jina lake mwenyewe: anaweka amana, mara nyingi dola 200, na hicho kinakuwa kikomo chake. Ana miaka 24 na ana mshahara, anaweza kuomba peke yake. Angekuwa chini ya 21, sheria ya 2009 ingemtaka aoneshe kipato chake binafsi au alete mdhamini.

Kadi hiyo ya dhamana aifunge kwenye kitu kimoja tu. Bili ya simu ya dola 45 inatosha. Stetimenti ikitoka, alipe yote kabla ya siku ya mwisho. Tangu stetimenti itoke hadi siku ya kulipa, sheria inataka kuwe na siku 21 angalau, na kwa kadi iliyo na muda huo wa neema, anayelipa salio lote ndani yake hakatwi riba kwa manunuzi. Nalisema hili kwa sababu wasomaji wengi Waislamu huniuliza kuhusu riba. Hukumu ya mkataba wenyewe muulizeni shehe mnayemwamini. Mimi ninachoweza kueleza ni hesabu, na hesabu inasema inawezekana kuishi na kadi miaka kumi bila kulipa senti ya riba.

Kuna jambo kwetu linalowachanganya vijana wapya. Kenya, mtu akiambiwa jina lake limefika CRB, yaani ofisi ya kutunza taarifa za mikopo, anashtuka, anajua kuna mkopo ameshindwa. Hivyo wanakuja hapa wakidhani faili tupu ni sifa. Hapa faili tupu ni ukuta. Na mkopo uliolipwa vizuri benki ya Tanga au Nairobi hauhami wenyewe kuja kwenye faili la Ohio, hata kama TransUnion ina ofisi Nairobi. Anaanza kutoka sifuri, na hili si kosa lake. Mwambie hivyo kwa maneno. Nimekutana na vijana walioona aibu wakidhani wamekataliwa nyumba kwa sababu ya walikotoka.

Kuhusu gari nitasema machache. Kumdhamini ni kusaini deni lote. Mkopo wa dola 18,000 utaonekana kwenye faili lako kama wako, na siku mnapoomba nyumba mkopeshaji atahesabu malipo yake ya kila mwezi dhidi ya kipato chako. Akichelewa siku 30, wewe nawe umechelewa, na doa hilo hukaa miaka saba. Kwenye kadi unaweza kumtoa kwa simu moja. Kwenye mkopo wa gari huwezi kujitoa. Apande basi la COTA, au anunue gari kuukuu kwa fedha taslimu, asubiri miezi kumi na miwili. Kwa nyumba ya kupanga, aiulize ofisi kama itakubali amana kubwa zaidi pamoja na barua ya mwajiri. Nyingine zinakubali.

Sasa nikueleze kitu changu mwenyewe. Nilipofika Houston nikiwa kijana, mjomba wangu aliniweka kwenye kadi yake. Sikuwahi kuishika. Kwa alama zile nilipata nyumba yangu ya kwanza, na sitasahau wema ule. Miaka michache baadaye nikaomba nyumba nyingine, nikakataliwa. Nikavuta ripoti. Kadi ya mjomba ilikuwa imejaa hadi juu, na malipo mawili yamechelewa. Alikuwa amepunguzwa kazini, anaamka kila asubuhi anavaa shati kana kwamba anakwenda kazini, hakumwambia mtu. Nilipiga simu benki, nikajitoa, na akaunti ikaondoka kwenye faili langu. Mtumiaji wa ziada ana uwezo huo, na kama benki ikizembea anaweza kuyaandikia mashirika yenyewe kupinga. Upande wangu ulipona. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilijua hali ya mjomba wangu kutoka kwenye karatasi, na nilijitoa kimyakimya bila kumpigia simu kumwuliza amekula nini.

Kwa hiyo kabla ya kuipigia benki, kaeni watatu, wewe, shemeji na mdogo wako. Semeni kadi itakaa wapi. Semeni mtamtoa lini. Mimi napendekeza baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kadi yake ya dhamana ikishakuwa na umri, kwa sababu akitolewa mapema akaunti ya 2014 hupotea kwenye faili lake na alama zinaweza kuanguka. Na wewe umwahidi mbele ya mumeo kwamba mambo yakikubana na ukaona huwezi kulipa, utamwambia kabla ya siku ya malipo, atoke kwanza. Watu huzungumza sana juu ya mdogo kumharibia mkubwa. Mkubwa naye anaweza kumharibia mdogo, na mdogo hana njia ya kujua.

Kama siku moja mtaamua aitumie kadi, au ikiwa ameshanakili namba, jueni kwamba kwa benki nyingi kadi ya mtumiaji wa ziada ina namba ileile ya kwako. Siku ya kumtoa, omba namba mpya. Bila hivyo, kadi iliyohifadhiwa kwenye programu ya usafiri au ya filamu inaweza kuendelea kukata.

Na mama. Naelewa kabisa kwa nini umewaza kadi: unataka akifika hospitali asianze kupiga simu kutafuta fedha. Lakini fikiria asubuhi moja Tanga, saa nne, mama yuko dirishani pa malipo. Kwanza, je, dirisha hilo lina mashine ya kadi? Vituo vingi vinataka fedha taslimu, bima au simu. Tuseme inayo. Mfumo wa benki unaona kadi ya Ohio inasomwa Tanga, unasimamisha malipo na kutuma ujumbe kwako kuuliza kama ni wewe. Kwako Columbus, majira ya joto, ni saa tisa usiku, umelala. Mama amesimama pale, watu wamepanga foleni nyuma yake, mashine inakataa. Mjukuu anamshauri atoe fedha ATM. Huko kadi ya mkopo inahesabu mkopo wa taslimu: kuna ada yake, juu yake mara nyingi asilimia kama 3 ya matumizi ya nje, na riba inaanza kukimbia siku hiyohiyo bila neema yoyote. Yote haya ili kulipia dawa ya presha. Na faili la krediti la Marekani mama hana pa kulitumia.

Mtafutie njia mbili. Moja, laini yake ya simu yenye M-Pesa au Tigo Pesa, kwa sasa Mixx by Yas, iwe na akiba ya dharura ambayo wewe unaijaza kila mwezi kupitia huduma ya kutuma fedha, na anayemhudumia ajue ipo kwa ajili ya hospitali tu. Nyingine, ulizia bima ya afya inayompokea kwa umri wake na maradhi yake, na uilipie wewe kwa mwaka mzima. Kliniki ya presha ina tarehe. Mwulize tarehe zake, uziandike kwenye kalenda yako, fedha ifike siku mbili kabla. Akirudi, mjukuu akupigie picha ya cheti na ya boksi la dawa, uone kipimo kilikuwa ngapi juu ya ngapi.